Nje ya Kamba

Raba ya Hilda ilikuwa imeachia tena upande wa kidole kidogo. Zita Sulle aliibana katikati ya magoti, akaishona kwa sindano ya magunia huku akivuta uzi wa nailoni kwa meno. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa saba, na upepo uliokuwa ukishuka kutoka mlimani ulipenya mpaka kwenye mifupa. Wasichana watatu walikuwa wamejikunyata kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, kila mmoja na kikombe chake cha uji, wakisubiri kenta ya alizeti iliyokubali kuwapeleka Katesh.

"Madam, ukikaza hivyo itanibana," Hilda alisema.

"Ikikubana utajua bado iko mguuni. Vaa."

Hilda akavaa, akaruka mara mbili, akacheka. Eva hakucheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na siku ya mashindano huwa hasemi mpaka aguse mstari. Raya alikuwa akifunga upya ushungi wake kwa pini nne, mbili kila upande, ili usije ukalegea kwenye kona.

Hao watatu ndio waliobaki kati ya kumi na tisa walioanza mazoezi ya alfajiri. Mmoja aliolewa, wawili walihamia kwa ndugu zao Babati, na wengine mama zao waliona heri muda huo wa alfajiri waende kuteka maji. Zita hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na tisa na stashahada ya ualimu, na kwa miaka mitatu sasa alikuwa akifundisha hisabati na fizikia kwa kujitolea katika shule ya kata nje kidogo ya Balangdalalu. Kila nafasi za ajira zilipotangazwa aliomba. Kila mara majina yalipotoka aliyasoma mpaka mwisho, halafu akaenda darasani. Wazazi walimchangia mahindi na maharage, na mama mmoja alimpa chumba. Mazoezi ya mbio hayakuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Yalikuwa yake.

Kenta ilifika ikiwa imejaa. Utingo akawaambia nauli imepanda tangu mafuta yapande, Zita akamwambia lifti haina nauli, wakabishana kidogo, wakapanda juu ya magunia. Njia nzima Eva alilala, kichwa kikiwa kwenye paja la Hilda.

Uwanjani Katesh chokaa ilikuwa bado mbichi kwenye nyasi. Mstari wa njia ya kukimbilia ulizunguka uwanja wote, na hatua chache nje yake kamba ya katani ilikuwa imefungwa kwenye vigingi kuwazuia watazamaji. Walikuwa wameshaanza kujaa, kina mama wenye mabeseni ya maandazi, vijana wa bodaboda, wazazi waliovaa makoti ya Jumapili. Chini ya turubai kulikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa Bwana Renatus, katibu wa kamati ya mashindano, mtu wa makamo mwenye miwani aliyoiweka kwenye paji la uso.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba. Shule gani?"

Zita akamkabidhi fomu. Renatus akashusha miwani, akapitisha kalamu polepole kutoka juu kwenda chini.

"Muhuri wa mkuu wa shule upo. Picha zipo. Namba ya cheti cha ukocha iko wapi?"

"Sina cheti."

"Hapa pasiachwe wazi."

"Mwaka jana sehemu hii haikuwepo."

"Mwaka huu ipo." Akamtazama. "Kuna kozi. Wiki mbili, mjini. Unajilipia, unajitafutia pa kulala, unarudi na cheti chako. Mbona wenzako wameenda?"

"Wenzangu wana mshahara. Mimi najitolea."

"Ah. Kwa hiyo hata mtumishi siyo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma namba ya gari. "Sasa sikiliza, dada. Mimi sikuzuilii watoto. Hapa chini unaandika, nawakabidhi wanariadha hawa kwa kocha wa kamati. Unasaini. Kocha Wolfgang anawachukua. Wawili wa kwanza wanaenda naye kambini mwezi mzima, gharama zote juu ya kamati. Wewe unarudi kupumzika. Ubaya uko wapi?"

Akamsogezea kalamu.

Zita hakuichukua. Maneno hayo aliwahi kuyasikia, karibu hayohayo, akiwa na miaka kumi na saba.

Alizaliwa Endagikot, ng'ambo ya Mbulu mjini. Nyuma ya mashine ya kusaga ya pale kijijini palikuwa na uwanja mdogo wenye mteremko, na fundi wa mashine, Gervasi Hhando, alikuwa na mazoea ya kutoka nje kila jioni akiwa na unga kwenye nyusi na kuwakimbiza watoto. Hakuna aliyemtuma. Zamani alikimbia yeye mwenyewe, halafu magoti yakakataa. Alimchukua Zita akiwa darasa la tano. Alijua kisigino chake cha kushoto kinauma siku za baridi, na siku hizo alimwambia akae juu ya gunia la pumba, atazame wenzake na amwambie nani anachoka kwanza. Zita alikuwa akinuna. Alidhani anaadhibiwa.

Kisha akawa na kasi ya kutosha kwenda mashindano ya mkoa. Mezani waliuliza cheti cha Gervasi. Gervasi akavua kofia yake, akaikunja mikononi, akasaini. "Nenda, mwanangu," alisema. "Usipoteze nafasi kwa ajili yangu." Kocha aliyepewa Zita alikuwa mtu mpole aliyekuwa na wanariadha arobaini. Asubuhi akamwandika mita elfu moja mia tano, mchana akamwandika elfu tatu. Zita alimwambia kisigino kinauma. Akaambiwa wote wanaumwa. Kwenye kona ya mwisho alisikia kitu kikikatika mguuni, mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kukimbia.

Miezi mitano hakupita karibu na ile mashine. Siku moja Gervasi akaja nyumbani kwao, akakataa chai, akasimama mlangoni. Hakuomba radhi. Alisema, "Kuna mtoto wa darasa la sita, Verediana, anakimbia huku anatazama miguu yake. Nimemwambia wee, hanisikii. Labda wewe atakusikia."

Zita alienda akichechemea, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu. Alimtazama yule mtoto mizunguko miwili. Kwenye wa tatu akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiogopa kujikwaa kwenye mteremko ule, akamwita: "Verediana! Mashimo nimeshayatazama mimi. Wewe tazama mbele!" Mtoto akainua kichwa. Kifua kikafunguka, hatua zikarefuka, akapita mbele ya Zita akicheka kwa sauti. Zita alibaki amesimama, mwili wote ukimsisimka, kama aliyekimbia ni yeye. Gervasi alikuwa ameegemea ukuta wa mashine. Akasema tu, "Kesho saa kumi." Kesho yake Zita akaja.

"Dada," Renatus alisema, "kuna foleni."

"Naomba dakika tano."

Alimkuta Wolfgang karibu na goli, kijana mwenye suti ya michezo ya bluu, akijaribu kufunga namba mgongoni mwa msichana mmoja huku wengine sita wakimngoja.

"Ukichukua wangu utakuwa na wangapi?" Zita alimuuliza.

"Thelathini. Sasa hivi ninao ishirini na saba."

"Unawajua?"

"Nitawajua kambini."

"Raya nyonga ya kushoto inakaza akikimbia mara mbili kwa siku. Eva asipokula asubuhi anaanguka, na hatakwambia kwamba hajala."

Wolfgang aliacha pini. Usoni alionekana amechoka tangu jana. "Dada yangu, nitakudanganya nikisema nitakumbuka. Kamati imenipa filimbi na orodha, basi."

Angalau hakudanganya. Zita akarudi kwa wasichana wake, akawakalisha kwenye nyasi.

"Nikisaini, mnakimbia leo, na mkishinda mnakwenda kambini na mtu mwingine. Nisiposaini, hamkimbii. Siyo jambo dogo, na sitawaficha." Akashusha soksi ya mguu wa kushoto, akawaonyesha kovu, akawaeleza lilivyopatikana. Hakuongeza chumvi. "Sisemi itawatokea. Nasema mimi siwezi kuandika kwamba nawakabidhi kama vile sijui. Lakini miguu ni yenu. Kila mtu aseme la kwake."

Raya ndiye aliyeanza, macho chini.

"Madam, mimi nataka kukimbia. Baba amefunga duka leo aje kuniona." Akaonyesha kwa kidevu. Hamis Shumbana, muuza vitambaa wa pale Katesh, alikuwa ameshasimama mbele kabisa kwenye kamba, kanzu safi, mikono nyuma.

"Basi utakimbia. Tazama huku, Raya. Hujafanya kosa lolote. Umenisikia?"

"Ndiyo, madam."

"Mimi sikabidhiwi," Eva alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Kwani mimi mbuzi?"

Hilda akapasuka kucheka, kisha akatikisa kichwa. "Na mimi nabaki. Hata hivyo mimi wa mwisho siku zote, sasa kambini nikafanye nini?"

Zita alirudi mezani, akakata majina mawili, akasaini kwa jina la Raya peke yake. Halafu pembeni ya fomu akaandika kwa herufi kubwa: ASIKIMBIZWE MARA MBILI KWA SIKU MOJA. NYONGA YA KUSHOTO.

"Hapo si pa kuandikia," Renatus alisema.

"Pana nafasi, katibu."

Renatus aliivuta fomu, akashika kipaza sauti. "Tunaanza mita elfu tatu wasichana! Ndani ya kamba wanariadha walioandikishwa tu! Wananchi, wote nje ya kamba! Nje huko kaeni mnavyotaka!"

Zita alisimama akiitazama ile kamba. Ilizunguka uwanja mzima. Akatembea kona moja akihesabu hatua kutoka mstari wa chokaa mpaka kwenye kigingi, akapiga hesabu kichwani. Nje ya kamba mzunguko ungekuwa mrefu zaidi kwa mita ishirini na tano.

Akarudi mbio mbio. "Eva. Hilda. Vueni masweta."

"Tunaenda wapi?"

"Hapa hapa. Sisi ni wananchi."

Wasichana kumi na mmoja walijipanga ndani kwenye mstari. Nje ya kamba, sambamba nao, wawili walijipanga mbele ya beseni la maandazi. Mama mwenye beseni akashtuka.

"Nyie, mnafanya nini?"

"Tunakimbia, mama. Shikamoo. Utusogezee kidogo."

"Marahaba," yule mama alisema, bado hajaelewa, akasogeza.

Filimbi ikalia.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa vurugu tupu. Watu hawakuwa wamejiandaa. Eva alipita akiwapangua kwa mikono, "Samahani, samahani, shikamoo, samahani," mzee mmoja akaangusha fimbo, bodaboda akapiga honi. Vicheko vikaanza. Kufika mzunguko wa pili watu walishaona kinachoendelea, wakaanza kujigawa wenyewe. Waliosimama mbele walirudi nyuma hatua mbili, wakawarudisha na wenzao. "Pisheni! Pisheni dada apite!" Njia nyembamba ikafunguka kati ya kamba na umati, mzunguko mzima.

"Wale watoto wa nje watoke!" kipaza sauti kilisema. "Mgambo, watoe wale!"

Mgambo, kijana mwenye buti zilizomzidi, alimfuata Zita kwa sababu yeye hakuwa anakimbia.

"Madam, katibu anasema watoke."

"Watoke waende wapi? Amesema wananchi nje ya kamba, kaeni mnavyotaka. Kamba wameivuka?"

Mgambo akatazama kamba. "Hawajavuka."

"Basi nisaidie pale kona, yule mwenye baiskeli amesimama vibaya."

Mgambo akasita, akakuna shingo, akaenda kumwondoa mwenye baiskeli.

Zita alikuwa na simu mkononi, kioo chake kimepasuka, sekunde zikikimbia. Ndani Raya alikuwa wa nne, mabega yamelegea vizuri. "Raya, hapo hapo! Usiwafuate!" Nje Eva alikuwa akirudi nyuma taratibu kwenye kila kona na kuwapata tena kwenye njia iliyonyooka. "Eva, pumua! Mikono chini!" Tatizo lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Sauti yake haikufika kule.

Mzunguko wa nne Hilda alijikwaa kwenye kigingi. Zita alimwona akienda chini kifudifudi, akamwona akiinuka, damu ikishuka kutoka gotini mpaka kwenye soksi. Alipojaribu kukimbia mguu ulikataa. Zita alianza kumwendea, kisha akasimama.

Hilda alikuwa amechechemea mpaka kwenye kona ya mbali, ile ambayo sauti ya Zita haikuifikia. Akaegemea kigingi. Eva alipokaribia, Hilda akaweka viganja mdomoni.

"Eva! Unatua kwa kisigino! Juu, mama, juu! Raya, huyo wa mbele amechoka, bega lake limepanda! Mngoje kwenye kona, mwache ajimalize!"

Zita alisimama katikati ya watu. Hilo la bega yeye hakuwa ameliona. Hakuwa amemfundisha Hilda kulitazama. Kumbe msichana aliyekuwa wa mwisho kila asubuhi, akitazama migongo ya wenzake kwa mwaka mzima na nusu, alikuwa anasoma.

Mizunguko miwili ya mwisho hakuna aliyebaki amekaa. Ndani msichana mwenye viatu vya misumari aliongoza. Raya alimpita wa pili mahali pale pale Hilda aliposema, na Hamis Shumbana, aliyekuwa amesimama kwa heshima muda wote, akaishika kanzu yake kwa mkono mmoja na kuanza kukimbia naye nje ya kamba, akipiga kelele, "Kaza, mama! Kaza!" Wa kwanza alikata mstari kwa dakika kumi na sekunde arobaini na nane. Raya alifika sekunde saba nyuma yake. Eva alifika akiwa peke yake, nje, kwenye ukanda wa nyasi zilizokanyagwa, kwa dakika kumi na moja na sekunde kumi, akaanguka kwenye mikono ya mama wa maandazi.

Mita mia moja na themanini na ushei zaidi ya wengine wote. Zita alipiga hesabu mara mbili. Kwa mwendo ule, ndani ya kamba Eva angemaliza kwa dakika kumi na nusu hivi.

"Waliokimbia nje hawatambuliki!" Renatus alitangaza. "Narudia, hawatambuliki! Hakuna matokeo yao!"

"Sisi tumewatambua!" mtu akajibu kutoka kwenye umati, na kicheko kikazunguka uwanja kama walivyozunguka wao.

Lakini orodha iliyosomwa ilikuwa ya ndani tu. Raya Hamis, wa pili, kocha Wolfgang. Raya alisimama akapokea karatasi yake ya kambi, kisha akaja mpaka kwenye kamba, akaishika kwa mikono miwili. Zita alimpangusa jasho kwa khanga.

"Umekimbia vizuri sana. Nyonga?"

"Inakaza kidogo."

"Leo usikimbie tena, hata wakikuita."

Wolfgang alikuwa amesimama nyuma ya Raya. Mkononi alikuwa na daftari dogo. "Dada," alisema, bila kumtazama sana, "ulisema nyonga ya kushoto. Kingine?"

Zita alisogea karibu na kamba. Kisha akamwambia yote. Namna ya kumpasha mwili, siku za kumpumzisha, alivyofunga mwezi wa Ramadhani na jinsi walivyohamisha mazoezi yakawa baada ya futari. Wolfgang aliandika kurasa mbili. Alipomaliza akauliza namba yake ya simu, akaiandika pia. Haikubadilisha kitu kwenye orodha ya katibu, na wote wawili walijua.

Simu ya Zita ililia wakiwa wanamfunga Hilda goti kwa kitambaa alichokipasua Hamis Shumbana kutoka kwenye kilemba chake. Alikuwa mkuu wa shule.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Zita, nimepigiwa simu na kamati. Umefanya nini huko?"

"Watoto wamekimbia."

"Umeidhalilisha shule. Wanataka tuchukue hatua, la sivyo mwaka kesho hawatupokei. Jumatatu usije. Nitaandika barua ya kukusimamisha."

Zita aliondoka hatua chache kutoka kwa wasichana. Mbele yake vijana walikuwa wameanza kukunja kamba na kung'oa vigingi.

"Kunisimamisha nini, mkuu? Mshahara sina."

Mkuu alikohoa. "Kujitolea."

"Na vipindi vya fizikia kidato cha tatu atafundisha nani?"

"Hilo tutaliangalia."

"Na sababu mtaandika nini?"

"Sababu ipo wazi. Umefundisha riadha bila kuwa kocha anayetambulika."

"Basi andika, mkuu. Ila usiandike riadha tu. Andika mita elfu tatu. Andika Raya Hamis wa pili. Andika Eva Gidion, dakika kumi na moja na sekunde kumi, nje ya kamba. Andika na Hilda, kwamba ameanguka na amefundisha kwa mguu mmoja. Na mimi jina langu unalijua. Hiyo barua naitaka, na muhuri uwepo."

"Zita, mimi nakuonea huruma. Nimesema Jumatatu usije."

"Nitaipitia saa moja asubuhi," Zita alisema. "Nikitoka mazoezini."